Vijana wanaomba milioni 3.5 za ap ya visima, tuwape?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, nimelifupisha kidogo tu:

"Habari za Arusha kaka. Sisi tuko 14, tulisoma wote sekondari, tuna kikundi cha kufa na kuzikana na akiba ya ziada imefika milioni 4.2 tukasema mwaka huu tufanye kitu cha jamii. Sasa vijana watatu waliomaliza chuo huko Arusha, mmoja ni mtoto wa mwenzetu, wameleta proposali ya tovuti na ap ya wananchi kuripoti visima na mabomba mabovu vijijini, wanaanzia Hai na Meru. Wanaomba milioni 3.5. Kuna wenzetu wanasema ni utapeli, wengine wanasema tuwape tu ni watoto wetu. Hakuna kati yetu anayejua kompyuta kupita Excel. Tutajuaje kama ni kitu cha maana?"

Dada yangu, za Arusha nzuri, na hongereni kwanza, maana vikundi vingi hela ya ziada ikifika hapo inaenda kuliwa mbuzi Desemba na hadithi inaishia hapo.

Jibu fupi ni kwamba wasaidieni, ila sio kwa bajeti ile uliyonitumia picha yake. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye daladala pale stendi ya Kilombero hapa Arusha inasubiri kujaa, nikairudia tena nyumbani. Kutengeneza ap milioni 2.4, uzinduzi na fulana laki 6, domeini na hostingi (jina la tovuti na mahali pa kuiweka mtandaoni) laki 3, dharura laki 2. Hesabu inakubali. Sasa nionyeshe mstari unaomlipa mtu wa kupokea ripoti. Haupo. Yaani mama wa Machame akishatuma kwamba bomba la kwao halitoi maji tangu Jumapili, ile taarifa inaingia kwenye seva inakaa humo inatulia, hakuna simu ya mtu yeyote inayolia.

Utapeli sioni. Mtapeli hawezi kuandika dharura laki 2, angeandika milioni. Hawa wameandika kama walivyofundishwa, kwamba mradi ni kile kitu kinachotengenezwa, na sisi wachangiaji ndio tunawaharibu zaidi maana tunachangia teknolojia kama tunavyochangia harusi. Kamati inakaa, kadi zinatembea, watu wanakumbushwa ahadi mpaka usiku wa manane, ukumbi unapambwa, alafu kesho yake kamati inavunjwa. Hakuna kamati ya mwaka wa pili wa ndoa. Na ap ikishazinduliwa na mgeni rasmi akakata utepe, huo ndio ugumu unaanza sasa.

Nikupe kisa cha kweli kabisa, cha hapahapa Tanzania na ni cha maji hivyohivyo. Kulikuwa na shirika linaitwa Daraja, lilikuwa na mpango wake unaitwa Maji Matone. Wazo lilikuwa zuri kuliko hata la hawa vijana, mwananchi anatuma SMS ya kawaida hata kwa kitochi, taarifa inapelekwa kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na redio zinafuatilia kama ameshughulikia. Walitegemea meseji 3,000. Zikaja 53. Hamsini na tatu dada, kwa miezi sita. Na kinachonifanya niwaheshimu mpaka leo ni kwamba mwaka 2011 waliandika wenyewe hadharani kwamba imeshindikana na sababu ni hizi, wakati mashirika mengi yangetoa ripoti yenye picha za watoto wanacheka chini ya bomba.

Sababu ndio dawa yenyewe kwahiyo wasomeeni hawa vijana taratibu. Mtandao kijijini ulikuwa wa kupanda kwenye kichuguu. Anayechota maji ni mama na watoto, simu iko mfukoni kwa baba ambaye yeye hajui hata bomba limekauka lini, anaona ndoo imejaa tu jikoni. Na kubwa zaidi, watu hawakuamini kama kuna mtu atafanya kitu, wengine wanaogopa kuonekana ndio wachongezi wa kijiji. Mtandao saivi umeboreka sana, simu nazo zimeongezeka, lakini hilo la tatu halirekebishwi na ap hata iwe na rangi nzuri namna gani. Mtu anaripoti mara ya pili pale tu ile ya kwanza ilipojibiwa.

Alafu kuna kitu kingine hawa vijana sidhani kama wanakijua. Orodha ya vituo vibovu sio kitu kigeni nchi hii. Wizara ya Maji ilishafanya zoezi kubwa la kuviweka kwenye ramani, na sehemu ya hizo data iliwekwa wazi duniani kupitia mradi unaitwa Taarifa kwa ajili ya mashindano ya wataalamu wa data, vituo 59,400, nyingi zilikusanywa 2011 mpaka 2013. Humo asilimia 54 vinafanya kazi, 38 vimekufa, 7 vinatoa maji ila vinahitaji matengenezo. Mpaka leo kuna wanafunzi wa Marekani na India wanajifunzia kazi kwa hizo data, wanakaa vyumbani wanatabiri kwa kompyuta ni bomba gani la Tanzania litakufa. Bomba lenyewe halina habari. Kwahiyo taarifa ipo tele, kinachokatika ni uzi kati ya taarifa na spana.

Nimeuona huo uzi ulivyokatika kwa macho yangu. Kuna siku nilikaa kwenye ofisi ya jumuiya ya watumia maji kijiji kimoja upande wa Meru, tulienda kuangalia kwanini tableti walizopewa na mradi fulani hazitumi kitu. Tableti ilikuwa kwenye droo chini ya risiti, imeisha chaji sijui tangu lini, na chaja yake inachaji simu ya mtu. Fundi wa bomba, mzee wa miaka kama 60, ana kitochi kimefungwa rababendi ili betri isidondoke, na kaunta buku. Nikamuuliza mzee, vituo vibovu ni vingapi? Hakufungua hata buku. Akahesabu kwa vidole, cha shuleni wasa imeisha (kile kipira cha kuzuia maji yasivuje), cha kwa balozi bomba limepasuka njia ya ng'ombe, cha juu kule pampu. Cha shuleni tangu lini? Ndio akafungua buku, akaweka kidole kwenye mstari, Februari tarehe 9. Tulikuwa Juni. Spea yenyewe alisema ni elfu 8.

Sasa niambie, ap ya wananchi kuripoti ingemwambia nini yule mzee ambacho hajui? Yeye ndiye data yote. Kilichokosekana ni watu wa juu yake kuiona ile Februari 9, na kuiona kila wiki, siku 30, siku 60, siku 120, mpaka mtu aone aibu. Ningekuwa mimi ndio hao vijana ningeacha habari ya wananchi 10,000 kupakua ap, ningeanza na mafundi watano wenye kaunta buku, kila Ijumaa napiga simu au natumiwa meseji ya kawaida, naingiza, tovuti inahesabu siku. Ukurasa mmoja tu. Jina la kituo, tatizo, siku ngapi kimesubiri, kinasubiri nini. Huo ukurasa unamtumia mwenyekiti wa jumuiya, diwani, na meneja wa RUWASA wa wilaya, ule wakala wa serikali wa maji vijijini, maana tangu 2019 maji ya vijijini yako chini yao na zile jumuiya ndizo zinazoendesha pale kijijini, AUWSA na MUWSA, mamlaka za maji za Arusha na Moshi, wao ni wa mjini. Kama vijana hawajawahi kukanyaga ofisi ya RUWASA ya Hai wala ya Meru basi hapo ndio pa kuanzia, nauli tu inatosha, hata kabla hamjatoa senti ya ap.

Na hii ya kutengeneza ap kwa milioni 2.4 mimi nashauri kabisa waiache kwa sasa. Vifaa vipo, vya bure, vimejaribiwa na watu wengi. Kukusanya taarifa kijijini kuna ODK na KoboToolbox, unatengeneza fomu kwa Kiswahili, inajazwa kwenye simu janja ya bei rahisi hata kusipokuwa na mtandao, ukifika penye mtandao inapanda yenyewe. Ramani kuna OpenStreetMap, ilianza Uingereza 2004, ni ramani ambayo mtu yeyote anaongezea na hakuna kampuni inayoimiliki. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulitumia hiyohiyo, wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe wakatembea mitaani wanachora mitaro na nyumba za mabondeni kwa ajili ya mafuriko, na huko Mara ramani za hivyo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji, maana unampigia polisi unamwambia kijiji fulani, na kwenye ramani za kawaida hicho kijiji hakipo, ni kijani tupu. Faida kwenu ni kwamba vituo mkishaviweka humo vinabaki, vijana wakipata kazi Dodoma kesho wakaondoka, kazi haiondoki nao.

Majirani zetu Kenya nao, Ushahidi ilitengenezwa Januari 2008 kwa siku chache tu wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, wazo la mwanasheria Ory Okolloh, wakaijenga akina David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman, na ni programu huria, kodi zake ziko wazi mtu anachukua anatumia (kodi za programu, yaani maandishi yanayoiendesha, sio za TRA, usishtuke). Watu wanaikumbuka ile ramani yenye vidoti. Wachache wanakumbuka kwamba nyuma ya vidoti kulikuwa na watu wanakaa kuhakikisha meseji moja moja, huyu anasema kweli au anavumisha. Hiyo ndio kazi, na hiyo ndio inatakiwa ionekane kwenye bajeti.

Kama bado wanataka wananchi wahusike, SMS ibaki ndio mlango na isimgharimu mtu. Ile huduma ya wajawazito ya Wazazi Nipendeni iliyoanza 2012 ilienda mbali kwa sababu mama alituma neno "mtoto" kwenda 15001 bure, kwa simu yoyote, basi. Ap inakula bando, inakula nafasi kwenye simu iliyojaa picha za harusi, na mtu akiambiwa asasishe anaifuta.

Nikuungamie na kosa langu maana nisije nikaonekana mjuaji. Miaka hiyo niliwatengenezea tovuti kituo kimoja cha watoto hapa Arusha, ilikuwa nzuri aisee, picha, ukurasa wa kuchangia, kila kitu. Domeini ilisajiliwa kwa emaili ya kijana wa Ulaya aliyekuwa anajitolea pale, mimi sikuuliza, nilikuwa na haraka ya kumaliza. Kijana akarudi kwao. Mwaka ukaisha, emaili za kukumbusha kulipia zinaenda kwake, yeye hasomi, jina likaachiwa likachukuliwa na watu wengine. Siku hiyo kituo kina wageni watano, juisi ziko mezani, mama mkurugenzi anafungua laptop awaonyeshe tovuti yao, yanatoka matangazo ya kamari, sarafu zinadondoka skrini nzima. Akaifunga ile laptop polepole kama mtu anayefunika sufuria ya wali ulioungua. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kwahiyo kabla hamjatoa hata laki moja, domeini isajiliwe kwa jina la kikundi au la taasisi yao kama wameshasajili, ikiishia na .or.tz, ile ya mashirika ya Tanzania, vizuri zaidi, na emaili iwe ya mradi, sio ya mtu. Paswedi zote ziandikwe na mhazini wenu awe na nakala. Andikeni kwenye kaunta buku mkaifungie kabatini, wataalamu wenzangu watanicheka lakini nimeona seva ngapi zimekufa na sijaona kaunta buku iliyokufa. Na kodi za programu ziwekwe sehemu ambayo zaidi ya mtu mmoja anafika.

Sheria nayo msiipite juu juu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Wakikusanya namba za simu na majina ya wanaoripoti wanatakiwa kujisajili kwenye Tume na kusema wanazitumia kufanyia nini. Mimi ningewauliza swali la kijijini zaidi, diwani akikasirika akataka kujua nani amesema bomba la kwake limekula hela, ataweza kuiona namba? Kama wanasita, bado hawajafikiria, warudi wakafikirie. Ukianza na fundi na kaunta buku yake unapunguza nusu ya huo mzigo maana yeye kuripoti ndio kazi yake, hachongei mtu.

Kitu kimoja cha upande wa Meru ambacho mtu wa Moshi anaweza asikikumbuke. Huku kituo kinaweza kutoa maji vizuri kabisa na bado kisiwe kizuri. Floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwenye mwinuko wa mlima Meru kuna vyanzo vinapita hapo mbali, Tanzania yenyewe kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4 kwa sababu ingebana vijiji vingekosa maji kabisa. Ndio yale meno ya kahawia ambayo mtu wa Arusha anajulikana akicheka tu Dar. Kwahiyo fomu yao ikiuliza "kinafanya kazi, ndiyo au hapana" itadanganya. Waongeze kipengele cha maji yalipimwa lini na yalikutwa na ngapi, hata kikiwa wazi sehemu nyingi, huo uwazi nao ni taarifa.

Na hapo kuna mfano wa kwenu kuangalia, Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, yule wa chujio la maji la nano (teknolojia ya chembe ndogo sana), 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya taasisi ya wahandisi ya Uingereza. Watu wanasifia nano. Mimi namsifia kwa kwamba machujio yalipelekwa kwa watu wanaouza maji safi kwa majirani zao, kwahiyo chujio likiziba kuna mtu hela yake imesimama, analizibua leoleo. Wewe ni mtu wa mlimani unaijua mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, maji yanashuka mpaka leo sio kwa sababu babu walichimba vizuri, ni kwa sababu kuna siku ya kusafisha na usipotokea na jembe unatozwa faini. Waulizeni vijana, kwenye huu mradi nani anatozwa faini?

Hela sasa. Mimi ningeigawa ile 3.5 hivi. Laki 8 kwa miezi mitatu ya kwanza, vijiji viwili tu, kimoja Hai kimoja Meru, fomu za Kobo, nauli, vocha za mafundi, na posho ya kijana mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu kila Ijumaa na kufuatilia Jumatatu. Hakuna fulana. Hakuna mgeni rasmi, na hapo mtagombana maana ndipo wanapopapenda. Baada ya miezi mitatu msiulize ap imepakuliwa mara ngapi wala tovuti imetembelewa na wangapi, ulizeni vituo vingapi vimetengenezwa na vilisubiri siku ngapi. Vikiwa hata vitatu, toeni milioni 1.5 waongeze vijiji na wamlipe mtu wa kutengeneza ule ukurasa wa kuhesabu siku vizuri. Ile milioni 1.2 iliyobaki msiiguse, ni ya mwaka wa pili, iandikeni hivyo kwenye muhtasari wa kikao ili mtu asije akaikopa. Ikifika miezi mitatu hakuna hata wasa iliyobadilishwa, mmepoteza laki 8 na mmejua kitu, kaeni nao muulizane kwanini, wakieleza kwa ukweli kama wale wa Maji Matone mimi ningewapa nafasi nyingine kuliko ningempa mtu mwenye ripoti ya rangirangi.

Na usiseme hamjui kompyuta. Kwenye watu 14 wa Moshi hamkosi mwalimu mstaafu anayeweza kusahihisha Kiswahili cha ile fomu, maana "hali ya utendaji wa miundombinu ya kituo" sio kitu cha kumuuliza fundi, muulize maji yanatoka? Hamkosi mtu wa ushirika aliyezoea vikao vya wakulima wa kahawa, huyo ndio wa kwenda nao kwa mwenyekiti wa jumuiya, vijana wakienda wenyewe na laptop wataonekana watoto. Na Excel unayoijua wewe inatosha kabisa kukagua orodha ya Ijumaa, safu ya tarehe ya kuripotiwa, safu ya tarehe ya kutengenezwa, toa moja kwa nyingine.

Mtoto wa mwenzenu nae asiwe yeye ndiye anayeshika hela, sio kwamba simwamini, ni kwamba kikundi chenu cha kufa na kuzikana nakipenda kikiwa kizima.

Wakitaka kuja Arusha niongee nao waje Jumamosi asubuhi, sichaji kitu, wachukue basi la saa moja pale stendi watanikuta nimeshakunywa chai. Laptop wanaweza kuacha. Waje na namba ya simu ya fundi mmoja wa maji wa Hai na mmoja wa Meru, ambao wameshaongea nao.